Mfumo Unamtaka Mwenyewe

Kaka Ditram, shikamoo huko uliko.

Ni mimi Skola, uliyenifundisha kutengeneza mifumo ya kompyuta hapa Songea. Tangu tukuzike, kiti chako amekikalia bwana mmoja kutoka Dar. Debe tupu! Alipokuta karatasi zako za manila ukutani aliuliza kama hapa ni chekechea, akazibandua, akampa mama anayetuuzia vitumbua afungie.

Ulivyokuwa unatutesa, kaka! Ilikuwa marufuku kuandika hata mstari mmoja wa programu kabla mchoro haujajaribiwa. Unatandika manila sakafuni, unashika punje ya mahindi, unasema, "Huyu ni mkulima, anafuata mbolea." Unaisukuma kwa kidole toka kisanduku hiki hadi kile, huku unauliza maswali ya kuudhi. "Simu yake imeisha chaji. Apite wapi? Haya, amefariki. Mkewe apite wapi?" Sisi tumenuna, njaa inatuuma. Punje ikikwama, tunachora upya.

Huyu bwana akasema huko ni kupoteza muda, makosa tutayaona mbele ya safari. Nyoo! Tukaandika mfumo wa mbolea moja kwa moja. Mkulima anaweka kidole, jina linatokea, anapewa mifuko yake. Siku ya uzinduzi kazi ya bwana huyo ilikuwa kujipiga picha tu.

Jumatatu akaja mama mmoja wa Maposeni, mjane, bado yuko na nguo nyeusi. Mahindi yake yameshaota na hayajaonja mbolea. Jina lililoandikishwa ni la marehemu mumewe, na kidole kinachotakiwa ni cha marehemu. Bosi, macho kwenye simu, akasema, "Mfumo unamtaka mwenyewe." Mwenyewe yuko kaburini, kaka! Nami, mwanafunzi wako, nikamgeukia yule mama nikarudia vilevile: "Mama, mfumo unamtaka mwenyewe." Alijifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Bosi namdharau, sifichi. Lakini nikijitazama mimi natamani kutema mate. Sehemu ile ya kidole niliiandika mimi, kwa mikono yangu, na swali lako nilikuwa nalikumbuka.

Kesho asubuhi nampelekea yule mama mifuko yake ya mbolea. Nimeiandika kwenye daftari la kawaida, nimesaini kwa jina langu. Bosi akitaka kunifukuza, anifukuze, mahindi hayamngoji yeye.

Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi, sitamtuma tena mjane akamwite mumewe.

Skola