Ganzi Niliyoificha Mbaha

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka pembeni ya uwanja wa Mbaha, timu nzima inaniangalia, na yule mama mtaalamu wa kunyoosha mgongo ameshaniwekea viganja kiunoni. Marahaba, mjukuu wangu Debora, huku wote wazima. Mimi babu yako wa ukoo tu, umri hatujapishana sana, ila umeniuliza kama unyooshwe mgongo kabla ya fainali, basi nakuambia yangu.

Akauliza, "Unaumia?"

"Hapana, mama."

"Mguu unakufa ganzi?"

"Hapana, mama."

Kwetu mtu mzima akikuuliza hali unamjibu ni nzuri tu, na mimi nina aibu. Kumbe ganzi ninayo tangu juzi.

Akaacha kukandamiza. "Mdomo wako una adabu, baba, ila vidole vya mguu vinajikunja kila nikigusa."

Wenzangu wakacheka. Hakuninyoosha, akanituma hospitali nikapigwe picha ya mgongo, na huko wakanitibu. Mechi sikucheza, ila leo gunia la kahawa nabeba.

Ile ganzi uliyoniandikia mimi, mwambie huyo atakayekunyoosha kabla hajakugusa, hata akikuzuia kucheza. Acha nikimbie, mvua inakuja na kahawa bado iko nje kwenye vichanja.