Siku Uliyoniambia Nishushe Mikono

Kaka Shabani,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini siwezi kusema nawe bila kukuamkia.

Uliporudi shambani kwetu Milola kutoka jeshini, ukiwa umejifunza karate, mimi nilikuwa msichana wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakipiga hodi. Ukanitoa nje, uani. "Somoe, leo utajifunza kuanguka." Nikaanguka mpaka viwiko vikachubuka. Mama akafoka, "Mtoto wa kike na mateke wapi na wapi?"

"Simfundishi kupiga watu, mama. Namfundisha asiwaogope."

Na kweli nilianza kutazama watu usoni. Kwenye mkutano nilisimama mbele ya wazee nikauliza kisima kitachimbwa lini, na sauti haikutetemeka. Ulinikonyeza kutoka upande wa wanaume.

Kisha mgambo wakaja kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Tuliomba tuvune korosho kwanza, hawakusikia. Mama akakaa ndani, akasema hatoki ng'o. Walipoanza kung'oa makuti nikamwona Selemani, kijana uliyemfundisha pamoja nami, yuko juu ya paa letu. Hakututazama. Nikasimama mlangoni, nikakunja ngumi. Nilijua ungeweza kuwaangusha wote. Nilikuwa nakusubiri uanze.

"Shusha mikono, Somoe."

"Kaka, wanabomoa!"

"Naona. Shusha."

Ukaingia, ukambeba mama mgongoni. Alikupiga mabegani akilia, nawe ukatembea tu kuelekea barabarani. Sijapata kuona mtu mwenye nguvu kama zile akiwa hana la kufanya.

Hukufundisha tena. Masika ya kwanza kule kijijini homa ikakushika, na zahanati ilikuwa kuta tupu. Nilikukanda kwa maji mpaka ukatutoka.

Sasa mimi ni bibi, naishi Mitwero. Wasichana wa jirani huja niwafundishe kidogo nilichobaki nacho. Juzi mmoja akauliza, "Bibi, na kama anayekuja ni mtu usiyeweza kumpiga?" Nikamwambia akanywe maji, apumzike.

Nilikukumbuka wewe, kaka. Siku ile ulipomtua mama barabarani, ulisimama ukatazama viganja vyako muda mrefu. Nilikuwa karibu yako kabisa, nikakosa neno la kukwambia. Mpaka leo sijalipata.

Pumzika. Dua yangu inakujia kila Ijumaa.

Mdogo wako,
Somoe