Kidole Changu cha Sita

Mujukuu wangu Ngoie,

Hapa Dilala tuko wazima, na babu yako amepona kikohozi. Tumefurahi sana kwamba umejifungua salama huko Lubumbashi. Unasema mutoto ana vidole sita mkononi kama mimi, na daktari amekueleza juu ya jeni inayouambia mkono, ungali tumboni, utoe vidole vingapi. Kwetu inaongeza kimoja. Unauliza kama niliwahi kuona haya.

Niliona. Siku ya kuposwa nilificha mkono ndani ya kitenge. Lakini maji ya mgeni hutolewa kwa mikono miwili, na mama wa babu yako, aliyekuja na wazee kuniposa, akakiona kidole. Akakishika. Nikajua posa imeharibika.

“Inakuumaka?” akaniuliza taratibu.

“Apana, mama.”

“Sasa juu ya nini unaificha kama kidonda?”

Akanywa maji yake, akanikalisha karibu naye, wakaendelea na mazungumzo ya ndoa. Mi nilikaa pale mikono ikiwa wazi magotini, na hakuna aliyeitazama tena.

Daktari akiona kidole cha mutoto hakina shida, msiwe na haraka ya kukikata. Na watu wakija kumuona mutoto, usimufunike mkono.

Mimi, mama wa mama yako