La Ikaandikwa Re

Kigali, Rwanda
Jumapili baada ya Noeli, 1991

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye nampa shikamoo yake, maana najua amekaa hapo karibu anauliza barua inasema nini hata bahasha haijachanwa. Mnaendeleaje? Goti lako bado linakusumbua kwenye ule mteremko wa kanisani? Migomba imepata mvua? Mimi ni mzima, nakula, nalala, nafanya kazi, na ule mkono uliobanwa na jeki umepona kabisa. Najua redio inawatisha na habari za vita vya huku. Ni kweli vipo, ila viko kaskazini. Hapa mjini tunavijua kwa vizuizi vya barabarani na kwa kuwahi nyumbani. Msikose usingizi kwa ajili yangu.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hukuzijibu, wala sikulaumu. Neno ulilonipa mlangoni siku naondoka ninalo mpaka leo: "Tarumbeta ni lako, nilikupa mwenyewe, sikunyang'anyi. Ila usimwambie mtu kwamba nilikufundisha mimi." Nimelishika neno hilo miaka mitatu, Baba. Hapa hakuna aliyejua hata kwamba napiga. Tarumbeta lilikaa chini ya kitanda, limeviringishwa kwenye kanga ya Mama, mimi na malori, malori na mimi. Sasa limetoka, na nataka nikueleze lilivyotoka, kwa sababu nimefanya jambo ambalo huenda likakuudhi.

Mwenye lawama ni honi. Mwezi wa kumi ililetwa pale gereji kwetu Gikondo Renault moja kuukuu, ya mama wa Kibelgiji anayeitwa Madamu Elene. Honi ilikuwa imekwama, inalia tangu mjini bila kupumua, na watu wamemtukana njia nzima. Nikafungua boneti, nikagusagusa waya, honi ikalia kidogo, nami nikamwambia mwenzangu, "Sikia, hii ya kushoto imeshuka. Ilitakiwa iwe so, sasa iko fa." Nilisema tu, kama mtu anavyosema mchuzi umezidi chumvi.

Madamu akainuka kwenye stuli kama aliyekalia siafu. Amekulia Bukavu, Kiswahili chake ni kile cha Kongo. "Weye! Unajua solfeji, hii do-re-mi? Nani alikufundisha?"

"Nilijifunza tu," nikasema. Basi, huo ukawa uongo wangu wa kwanza kwa ajili ya amri yako.

"Na unapigaka nini?"

"Tarumbeta."

Akapiga makofi katikati ya gereji, mafuta machafu yote yale. "Mungu wangu! Niko natafuta tarumbeta tangu miezi mbili!"

Kumbe yule mama ndiye kiongozi wa okestra na kwaya. Okestra ni wageni wengi wao: daktari, walimu, mke wa balozi. Kwaya ni Wanyarwanda: makarani, wauguzi, fundi cherehani mmoja mwenye besi ya kutikisa madirisha. Wakati wa Noeli huimba kitu kimoja kirefu kinachoitwa oratorio, habari yote ya kuzaliwa Bwana kuanzia malaika mpaka wachungaji, inaimbwa zaidi ya saa nzima, na aliyeitunga ni Mjerumani wa miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Tena wanaiimba kwa Kijerumani! Nilimkumbuka Babu na kile Kijerumani chake cha misheni. Mpiga tarumbeta wao alikuwa Mzungu, naye vita vilipokaribia alifungasha na familia yake akarudi Ulaya. Na muziki ule bila tarumbeta, Baba, ni harusi bila bwana harusi. (Mazoezi ni kwenye ukumbi wa Wakatoliki. Usishtuke, sijabatizwa upya.)

Shida ilikuwa moja. Wenzangu wanasoma zile noti za mistari, nukta na mikia, na mimi unajua nasoma herufi zetu. Madamu akanikabidhi kwa Esperansi, mwalimu wa shule ya msingi, sauti ya pili, aliyefundishwa mistari na masista. Mwanamke nadhifu, anayetembea na kalamu mbili, moja ikiisha wino asiaibike. Akakubali kunihamishia sehemu yangu yote kwenye herufi, akiwa nyumbani kwake. Nikamweleza kwa mdomo: "Mwalimu, imba noti, kisha andika herufi ya kwanza ya jina lake unavyolisikia. Do ni d, re ni r, mi ni m, hivyo hivyo mpaka juu."

"Nimefahamu," akasema. "Iko rahisi."

Baada ya siku nne akaniletea kurasa sita, mwandiko wa kuwekwa kwenye fremu. Nikajifungia stoo ya matairi kila jioni baada ya kazi, midomo inaniuma, nimesahau hata pumzi inavutwa wapi. Muziki wenyewe niliuona wa ajabu kidogo. Unapanda vizuri, unapanda, mara unatumbukia. Nikasema moyoni, labda Wajerumani wa zamani ndivyo walivyopenda. Nani mimi wa kuwasahihisha?

Ikafika siku ya mazoezi ya wote. Nilihesabu mapigo yangu ya kimya kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, ulivyotuzoesha, ili watu wasione. Nikaingia pale pale, bila kuchelewa hata nukta. Mapigo manne ya kwanza, safi. La tano nikatumbukia. Violini zikasimama. Daktari akacheka puani.

"Tena," akasema Madamu. Tukarudia, nikatumbukia. Mara ya tatu hata kwaya wakawa wanajikunyata kabla sijafika, kama mtu anayesubiri kudungwa sindano.

Madamu akashusha fimbo yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Anaeli, rafiki, hii iko mubaya. Siku zimebakia kidogo. Tutaacha tarumbeta, harmoniamu itapiga pahali yako. Usiumie roho."

Niliviringisha tarumbeta kwenye kanga masikio yakiniwaka. Njiani kwenda getini nilisema, Baba alikuwa na haki. Kama hivi ndivyo ninavyopiga, heri jina lake lisitajwe.

Esperansi akanikimbilia na makaratasi mkononi. "Anaeli, ngoja! Ulikuwa unapiga nini pale?"

"Ulichoandika."

"Hapana. Mimi niliandika vizuri. Imba hapa."

Nikaimba kilichoandikwa: "So, re."

"Si re! Iko ra!"

"Iko nini?"

"Ra! So, ra!"

Nikamtazama. Nikampa kalamu. "Mwalimu, tafadhali, andika la."

Akaandika r.

"Sasa andika re."

Akaandika r. Akaziangalia zile r mbili zilivyokaa pamoja kama mapacha. "Yuuu, Mana yanjye, Mungu wangu!" Akashika mdomo. Halafu, kwa kuwa ni mwalimu, akajitetea kwanza: "Lakini ulisema niandike venye nasikia! Mimi nasikia ra!"

Baba, nilicheka mpaka nikaketi kwenye ngazi. Huku ulimi wa watu haujali sana tofauti ya hizo mbili. Kuna watu wananiita Anaeri na naitika. Kurasa sita, na kila la humo ndani imegeuka re! Tungeweza kurekebisha jioni ile ile, na kweli tulirekebisha, yeye anaimba mimi naandika. Lakini Madamu alikwisha kata shauri, na daktari alikwisha sema kwamba fundi wa malori abaki na honi zake. Nikamwambia Esperansi, basi, tuache, mwakani Mungu akipenda.

"Hapana," akasema.

Mazoezi yaliyofuata alisimama katikati ya ukumbi, mbele ya sauti arobaini na okestra nzima. Fikiria, Baba, mwalimu, mtu anayeheshimika, wazazi wa wanafunzi wake wakiwa mle mle. Akasema, kwanza kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Kosa haiko ya Anaeli. Iko yangu. Yeye alipiga kile niliandika, na mimi niliandika mubaya. Nilichelewa kusema sababu ya haya. Munisamehe." Akaeleza habari ya ra. Kwaya wakaangua kicheko, maana hakuna hata mmoja ambaye asingeandika vile vile. Madamu akafuta machozi ya kucheka, akanielekezea fimbo. "Kamata tarumbeta."

Wote walicheka ila mimi. Esperansi alichukua dakika mbili kufanya nililoshindwa kufanya miaka mitatu.

Wewe unajua, Baba, lakini hujawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Jumamosi ile kabla ya Pasaka ulinituma nipite kwa wapigaji wote wa bendi ya kanisa niwape namba ya wimbo wa alfajiri ya Pasaka. Nikapita nyumba tatu, ya nne nikakuta pombe ya mbege, nikakaa. Waliobaki niliwapa namba iliyonijia kichwani. Kulipopambazuka makaburini nusu ya bendi ikaanza wimbo mmoja na nusu wimbo mwingine, juu ya marehemu zetu, mbele ya Mchungaji na usharika mzima. Wazee wa kanisa walipokuita ukawaambia, "Mwalimu ni mimi, kosa ni langu." Wakakupumzisha. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha watoto wa watu! Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa ofisi, nasikia kila neno, na sikuufungua.

Nisamehe. Nilipaswa kuanza na neno hili barua ya kwanza kabisa, badala ya kukuandikia habari za hali ya hewa.

Onyesho lilikuwa Jumapili iliyotangulia Noeli, saa nane mchana, ili watu wawahi kurudi. Kwenye kizuizi askari akagusa kanga yangu kwa ncha ya bunduki. "Iko nini ndani?" Nikafungua. "Piga." Nikampigia do, mi, so, jasho likinitiririka mgongoni. Akatabasamu, akasema "Genda," nami nikaenda kabla hajataka ubeti wa pili.

Kanisa lilijaa hadi nje. Sijui nikuelezeje. Kwaya walipoanza, yule fundi cherehani na besi yake, Esperansi akiwa mstari wa mbele, nilisahau vita, nilisahau gereji. Kidole kikawa kinahesabu kiatuni. Madamu akanitazama, nikavuta pumzi ya tumboni, ile uliyokuwa ukinibonyezea kwa ngumi ukisema "hapa, si kifuani, wewe si bata." Nikapanda. Nikafika la, Baba, ikakaa. Ikatulia juu ya sauti zote zile na haikutikisika. Nilimshukuru Mungu hapo hapo, nikiwa bado napuliza. Nilishukuru kwa kila asubuhi ya baridi uliyoniamsha, na kwa kila kofi, isipokuwa moja ambalo bado naamini lilikuwa la ndugu yangu.

Watu waliposimama kupiga makofi, Madamu akanivuta mbele. "Huyu ni fundi wa motokari yangu! Anaeli, sema na watu, ni nani alikufundisha?"

Ningeweza kusema tena kwamba nilijifunza tu. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni. Nikamwona Esperansi ananiangalia, nikasema kwa sauti: "Nilifundishwa na baba yangu, Mwalimu Ndekirwa, wa Machame, chini ya Kilimanjaro." Fundi cherehani akaligeuza kwa Kinyarwanda. Wakakupigia makofi, Baba, watu wasiokujua kabisa, na akina mama wakakupigia impundu, ndivyo wanavyoviita vigelegele huku. Daktari akanipa mkono. Kwa hiyo amri yako nimeivunja, tena hadharani, na sijutii.

Nimsalimie nani kwanza? Mama, umwambie kanga yake imefika kanisani na ilipewa kiti chake. Dada yangu Ndeshi, anayewasomea nyote haya kwa sauti na ambaye namwomba asiruke sehemu yoyote kwa kunihurumia. Baba mdogo mpiga tuba, na shangazi wa kule juu anayeniombea kila Ijumaa; maombi yanafika, asichoke. Jirani yetu wa mbege naye salamu, kosa halikuwa lake.

Karatasi ya mwisho nimeiandika peke yake, haina salamu wala mzaha. Inaeleza habari ya namba mbili za wimbo, aliyezitoa na alikuwa katika hali gani, na jinsi baba yake alivyojitwika kosa lisilo lake. Nimeweka sahihi. Namwomba Ndeshi aisome mbele ya wazee wa kanisa, ibada ikiisha. Ukiona haifai, ichome, sitauliza. Lakini ukikubali isomwe, Baba, nakuomba siku hiyo usikae nyuma. Kaa mbele, wakuone.

Mwanao,
Anaeli