Gauni la Hospitali

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo. Ni Jumapili mchana hapa Kiseke. Nimetoka kanisani, nimeingia kwenye kibanda changu cha ushonaji na kufunga mlango kwa ndani. Sare za shule zimening'inia zikisubiri wenyewe, na mimi nimeketi kwenye cherehani bila kushona kitu. Nilipanga kuanza na habari za mvua na za mjukuu wako Neema, halafu huko katikati ndipo niseme lenyewe. Nimeshindwa. Nina uvimbe, mama. Titi la kushoto, upande wa kwapa, palepale ulipokuwa wako. Kesho natakiwa kwenda hospitali, na ninaogopa.

Barua hii naiacha wazi, wengine waisome, kwa sababu sidhani kama yaliyotukuta yalitukuta sisi peke yetu.

Uvimbe wako niliujua kwa futi ya kupimia nguo. Ulivuka kwa kivuko kutoka Sengerema, umebeba michembe ya viazi vitamu kwenye kiroba, na hata kabla hujaketi ukasema, "Nishonee gauni la hospitali."

Nikacheka. "Mama, hospitali nayo ina gauni lake?"

"Hospitali haiendwi kama shambani. Wakikuona umechoka, wanakuchosha zaidi."

Nikauliza unaumwa nini. Ukasema, "Mwili tu." Kwetu mtu mzima akishasema mwili tu, maswali yameisha. Nikatoa kitenge cha bluu nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe, nikaanza kukupima. Mabega sawa, mikono sawa. Nilipozungusha futi kifuani, ukanishika mkono.

"Hapo usibane."

Nikagusa juu ya khanga yako. Kulikuwa na kitu kigumu kama njugu mawe. Nikakuuliza tangu lini, ukaniambia tangu mlipopanda pamba, na wakati huo pamba ilikuwa inakaribia kupasuka. Nikabaki nimeshika futi, nimesahau hata namba niliyosoma. Ukaniambia, "Shona kwanza, mwanangu. Kulia hakushoni."

Nilishona, mama. Sijawahi kumshonea mteja gauni kama lile. Nililiwekea lesi kwenye kola na kwenye mikono, na kifua cha kushoto nikakiachia upana wa kidole kimoja, kisikubane. Ulipolivaa ulijitazama kwenye kioo changu kile kidogo, ukageuka huku, ukageuka kule, ukasema, "Sasa hata daktari ataniamkia."

Hospitali ile sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nesi mmoja alipita akakuambia, "Bibi, umependeza! Unatoka kwenye harusi?" na wewe ukanyoosha mgongo kama msichana. Daktari alikushika taratibu, akasema anataka kukata kinyama kidogo kikapimwe, akatutuma dirisha la malipo. Nikamweleza yule wa dirishani kwamba wewe ni mzee, huna bima, huna kipato. Akatuelekeza ofisi ya ustawi wa jamii.

Nje ya ofisi ile kulikuwa na tangazo kwamba wazee wasiojiweza hutibiwa bila malipo. Nilikusomea. Ukasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Ukatikisa kichwa kwa kuridhika, ukaniambia, "Kumbe wametuandika." Ndipo tukaingia tukiwa na matumaini.

Ndani alikuwepo dada mmoja wa umri wangu, macho yamechoka, faili zimemzunguka. Alikuamkia vizuri, siwezi kumsingizia.

"Bibi, unaishi na nani?"

"Na Mungu, na kuku wangu."

Akacheka kidogo. "Una shamba?"

"Ninalo."

"Ng'ombe je?"

"Wapo."

Nikakuvuta mkono. Hukugeuka. Yule dada akakutazama toka kola hadi pindo, akauliza gauni lile umeshonewa wapi. Ukaninyooshea kidole, na uso wako ukang'aa kuliko nilivyowahi kuuona. "Ni huyu. Kitindamimba wangu. Ana kibanda chake mwenyewe Kiseke."

Akaweka kalamu chini. "Bibi, mtu asiyejiweza namjua anapoingia tu mlangoni. Ninyi mnajiweza. Kama sivyo, leteni barua ya mtendaji wa kijiji." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Kisha akaita mwingine.

Tulipofika nje nikakugeukia. "Mama, ng'ombe gani?"

"Wale wa baba yako."

"Si walikwenda mahari, kaka alipooa?"

"Kwani wamekufa? Wapo. Wanakula nyasi za wakwe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi, na wewe ukacheka, umeshika ubavu wa kushoto. Halafu ukainyoosha kola yako. Ukasema polepole, "Nikae mbele ya mtoto yule niseme marehemu aliniacha bila ng'ombe? Hapana, mwanangu. Hilo nisingeweza."

Nami nilikuelewa, mama. Hapo ndipo kosa lilipo. Nilikuelewa badala ya kurudi mle ndani na kusema ukweli: kwamba zizi limebaki miti mitupu, kwamba kitenge kile kilikuwa changu, kwamba lesi ile ni mabaki ya gauni la bibi harusi. Niliona aibu kukuvua heshima mbele ya watu. Nikakusindikiza kwa kivuko hadi Busisi, ukarudi nyumbani.

Barua ya mtendaji ilichelewa. Mara alikuwa amesafiri, mara kulikuwa na msiba, mara ukasema ngoja kwanza tuvune pamba. Nikikupigia simu unajibu, "Naendelea na nafuu." Januari ikaja na sare zake, kibanda kikajaa watu, nikalipokea neno nafuu kwa sababu lilinifaa. Kaka alipokuvusha mara ya pili, ulikuwa umefungwa khanga mbili na hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe. Msamaha wa malipo ulisainiwa siku ileile. Daktari alipofungua kitambaa cha kifuani alitazama, akakifunika tena, akasema, "Bibi, ungekuja mapema."

"Nilikuja," ukamwambia.

Nakusikia mpaka leo.

Siku zile za mwisho, kila nesi alipokuletea dawa ya maumivu ulimwambia, "Wabeja." Mmoja wao, mgeni wa huku kwetu, akaniuliza anaambiwa nini, nikamwambia ni asante. Akasema, "Mwambie asinishukuru kila mara, ni kazi yangu." Nilipokutafsiria ulimkatalia. "Kazi yake ndiyo, lakini angeweza kupita."

Nimelifikiria sana neno lako hilo. Juzi redioni walikuwa wanajadili kama matibabu ni haki ya kila mtu au ni bahati ya aliyenacho. Mama Joyce, jirani yangu anayeuza nyanya, alikuwa kibandani akisubiri sketi yake. Akaropoka, "Haki! Haki ya nani? Ya mwenye kadi ya bima. Sisi wengine tunaonewa huruma tu, na huruma ina siku zake." Mteja mmoja, mwalimu, akambishia kwamba imeandikwa. "Hata jina langu limeandikwa kwenye daftari la harambee," Mama Joyce akajibu, "nenda kaulize kama nimetoa." Wote wakacheka. Mimi niliendelea kukanyaga cherehani. Wakati huo nilikuwa nimeshaugusa uvimbe wangu, siku ya tatu.

Nisikufiche, uvimbe wenyewe naweza kuuzoea kwa saa moja moja. Nikishona nausahau. Ninachoogopa zaidi ni mlango ule. Alhamisi nilikwenda kituo cha afya, daktari akanipapasa, akaandika rufaa, na jina aliloandika juu ya karatasi ni la hospitali ileile. Nimeota ndoto mara mbili kwamba naulizwa maswali na kila ninalojibu linageuka kuwa mali. Nasema nina cherehani ya kuazima, wanaandika kiwanda. Nasema nina mtoto shule, wanaandika mtu wa kunitunza. Mimi sijafikia umri wa wazee, kadi sina, na mume, kama unavyojua, aliondoka Neema akiwa bado mgongoni. Sijui watanipima kwa futi gani.

Mama Joyce ndiye pekee niliyemwambia. Jana akaniletea khanga yake moja imechanika.

"Jifunge hii. Nywele usisuke. Wakikuuliza, lia."

"Na machozi yakigoma?"

"Basi kufa umependeza."

Tukacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Mjomba wake alisamehewa malipo hivyohivyo, kwa kaptula yenye viraka na kilio. Na mimi, mama, niliipokea ile khanga. Niliijaribu. Nilisimama mbele ya kioo nikajilegeza mabega, nikatafuta uso wa mtu asiyejiweza, na nikaupata upesi mno. Nikaogopa. Nikaivua, nikaikunja, nikamrudishia mwenyewe. Kama matibabu ni haki yangu, kwa nini nimemaliza siku nzima nikifikiria nguo? Nikienda nadhifu, ninajiweza. Nikienda mchafu, nitakemewa langoni kwamba sijui usafi. Kuna mahali pamoja tu kati ya hizo mbili wanapokubali mtu aumwe, na sisi hatujawahi kuoneshwa ni wapi.

Yule dada wa ustawi simchukii. Nadhani dawa ni chache na watu ni wengi, na mtu kampa kiti na kumwambia achague. Ningekaa mimi pale, labda ningetazama lesi vilevile, maana nguo ndizo ninazozijua. Lakini hakuna aliyepaswa kuketi kwenye kiti hicho.

Daraja limekamilika, sijui kama nilikuambia pale kaburini. Watu wa Sengerema siku hizi wanavuka bila kusubiri kivuko. Ungefika mapema kuliko mapema uliyofika. Halafu ungeketi kwenye benchi lilelile.

Neema ameanza kuniuliza mbona sili. Leo asubuhi kaniuliza tena, akiwa anachana nywele, nikamjibu, "Mwili tu." Nilipolisikia likitoka kinywani mwangu nilishika ukuta. Akanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Jioni hii nitamwambia. Hilo nalo naliogopa, lakini nitamwambia hata pa kugusa, ajue.

Kesho nitavaa nguo ninazoshonea, na nyuzi zake. Nimekuwa nikijizoeza maneno hapa, peke yangu na sare za watoto. Mara ya kwanza nilisema, "Samahani, naomba mnisaidie." Nikajisikia kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Nikajaribu tena: "Cherehani ni ya kuazima. Zizi ni tupu. Bima sina. Nimekuja kutibiwa." Sauti inakatika kwenye neno la mwisho, sijui kwa nini ni hilo. Nimelirudia mpaka koo limekauka na bado linakatika.

Watakachojibu sikijui. Huenda yupo mwingine kwenye kiti kile, mkarimu zaidi au mkali zaidi. Huenda wataniambia kalete barua, na mimi sijui mtendaji wa mtaa wetu atakuwa amesafiri au yupo. Lakini wewe ulirudi nyumbani kwa adabu, mama, na mimi nikakusindikiza, na adabu ile ndiyo iliyotumaliza. Wakiniambia rudi, nitaketi. Benchi la pale ni refu. Wafagie, wanizunguke, wafunge dirisha, mimi nitakuwa nimeketi na karatasi yangu mkononi, na keshokutwa asubuhi wakifungua watanikuta. Nimekwisha kumwambia Mama Joyce amwangalie Neema siku mbili.

Sina ujasiri, usije ukadhani ninao. Nina woga mkubwa kuliko aibu, basi, na safari hii woga wenyewe umekuja mapema.

Lala salama, mayu. Ukisikia nalia huko kesho, si Mama Joyce aliyenifundisha.

Ni mimi,
kitindamimba wako