Picha Yenye Haina Uso wa Mama

Butembo, tarehe 9 Septemba 2000

Mupendwa yaya Salomon, mukubwa wangu,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Uko muzima? Muke wako Rébecca na mutoto Phinées beko bazima? Na lile tumbo lenye lilikuwa linakusumbua, limepona ao unaficha tena? Kwetu hapa tunapumua. Baba anakohoa asubui juu ya baridi, mais hata hivyo anakula vizuri, na mutu mwenye anakula vizuri hapana mugonjwa sana. Mimi niko muzima, mikono tu njo haitakate tena. Sabuni imeshindwa, petroli imeshindwa. Ku kanisa batu bananisalimia kwa kunishika kiwiko.

Barua yako ya Pasaka ilitufikia mwezi wa saba. Ilizunguka Nairobi na Kampala, ikaingilia Kasindi ku mupaka, ikafunguliwa na kufungwa na batu benye hatujui, na kona moja ilikuwa na alama ya chai. Mais ilifika, tunashukuru. Hii yangu anaibeba Pasta Apollinaire, mwenye anaenda ku mukutano wa makanisa Nairobi, na kutoka kule atapanda ndege ya Kinshasa. Mutu anatoka Butembo kwenda Kinshasa, inchi ni moja, na anapita inchi mbili za bengine. Tumezoea.

Habari za muji si nyingi. Barabara ya Beni inapitika siku yenye hakuna mutu mwenye bunduki amekasirika. Ku Eringeti hakuna mwenye amerudi tangu nyumba yetu ilipoungua. Bajirani bamoja balipita kule banasema majani yamefika ku dirisha, na kahawa ya Baba imekuwa pori. Hatukumuambia. Anajua.

Sasa niende kwa jambo lako.

Uliandika kama umeanza kusahau uso wa Mama. Uliliandika lile neno chini kabisa, nyuma ya salamu zote, sawa mutu mwenye anasema jambo wakati mukono wake uko tayari ku mulango. Ulisema unaona haya, wewe mutoto wa kwanza. Hukuweza kuja ku matanga juu vita ilikata inchi katikati, picha zote ziliungua ndani ya malle, sanduku letu la nguo, na unaamuka asubui unamutafuta humupate. Donc ukaniomba mimi, mudogo wako fundi wa rangi, nikuchoree uso wake.

Yaya, ili uelewe chenye kilitokea, lazima nikuambie kwanza namna ninafanya kazi sasa. Wewe ulitoka hapa wakati nilikuwa nachora vibao vya bakinyozi: kichwa cha kijana, nywele safi, macho mawili, kwisha. Kisha, mbele vita ianze, ukanitumia ile sanduku ya rangi ya mafuta. Ile sanduku iliniharibu.

Rangi ya kibao inakauka haraka, na ukikosea umekosea. Rangi ya mafuta inangojea. Na hapa kwetu, na hii baridi na huu ukungu, inangojea zaidi. Naipaka leo, kesho naikuta ingali laini, naweza kuisukuma, kuikwangua, kuiuliza tena. Pole pole nikaacha kuchora vitu. Sianze tena na kitu ndani ya kichwa. Namimina rangi juu ya kipande cha bati, nachanganya na kijiko mupaka mukono useme basi, napaka, kisha nakaa.

Kukaa njo kazi kubwa, na njo yenye inamukasirisha Baba, juu anaona mutu mukubwa anaangalia kitambaa wakati maharagi inaungua. Mimi nangojea pahali fulani paanze kunisumbua, sawa jiwe ndani ya kiatu. Naenda pale. Hapana kuniuliza kwa nini nimeweka kijani ao nimetoa nyeupe, mukono unajua mbele mimi nijue. Siku yenye hakuna pahali panasumbua tena, kazi imekwisha, hata kama mimi mwenyewe siwezi kuipatia jina.

Baba alikuja siku moja akasimama nyuma yangu. Akauliza: “Hii iko nini? Iko ndizi ao iko vita?” Nikamuambia sijui, Baba. Akasema: “Na ni wewe njo umeifanya.” Tunaishi hivyo, kwa amani.

Mais kwa ajili yako nilisema niache hiyo tabia, nichore sawa zamani. Nikapigilia kitambaa cha americani ku mbao, nikakipaka uji wa muhogo ili kifunge matundu, nikaanza. Kilemba, sawa alivyokuwa anakifunga, kimeinama upande mumoja. Shingo. Masikio, hayo ni rahisi. Nilipofika katikati, nikasimama. Nilifunga macho ili nimuone. Nikaona mugongo wake anainamia moto. Nikaona vidole vyake vinachambua maharagi, haraka haraka. Nikasikia namna alikuwa anaita jina langu wakati nimefanya ubaya. Uso, hapana. Nilikuwa nadhani niko nao. Nilikuwa nadhani ni wewe tu wa mbali mwenye umeupoteza.

Nililia, yaya. Kisha nikaenda kuosha majani ya sombe yenye ilikuwa imeoshwa tayari.

Nilimuambia Baba kama kazi imenishinda. Juu ya nini, sikumuambia. Baba akafikiri kidogo, akasema: “Mukalishe Mariette. Beko damu moja.”

Unajua mama mudogo Mariette tunakaa naye hapa tangu yeye na Baba bakimbie Eringeti. Batu balisema sikuzote kama yeye na Mama banafanana, na kwa sisi mama mudogo ni mama, hakuna mwenye angeona ubaya. Mariette mwenyewe alifurahi. Akaoga, akavaa kile kitenge cha Mama chenye kilipona juu alikuwa amekifunga siku ya kukimbia, akakaa ku mulango ameinua kichwa sawa bibi-harusi. Nikamuchora haraka na kwa usafi, sawa vibao vya zamani. Baba akaniambia niongeze mwanya ku meno ya juu, nikaongeza. Nikatoa alama yenye Mariette eko nayo karibu na pua. Ikakwisha.

Baba akaitundika ukutani mbele ya meza. Bajirani balikuja. “Ni yeye kabisa,” balisema. Bamama ba kanisa balilia, mumoja akauliza kama naweza kumuchorea na wake. Sitakudanganya, nilifurahi. Tangu niache vibao hakuna mutu alikuwa ameelewa kazi yangu, na kusifiwa ni kutamu.

Haikuwezekana kuikunja na kuituma, juu rangi ingali mbichi. Ikabaki ukutani inangojea kukauka, na njo hapo mambo ilianza.

Kwanza Baba akaanza kuisalimia asubui. Nikasema hiyo haina neno, muzee amepata faraja. Kisha siku moja tunakula, akamuita Mariette kwa jina la Mama: “Virginie, nipatie chumvi.” Mariette akamupatia chumvi. Kesho yake akamuita vile tena, na safari hii hakuona hata kama amekosea.

Na mimi vilevile. Siku moja niko natwanga, nikajaribu kumusikia Mama ananiita. Sauti ilikuja, mais kinywa chenye kilisema kilikuwa kile nilichora mimi. Ule mugongo wenye ulikuwa unainamia moto ukageuka, na mwenye aligeuka ni Mariette. Mbele ya hapo nilikuwa sina uso, mais nilikuwa na mugongo. Sasa ule uso wa kuazima ulianza kukula hata mugongo. Niliogopa sana.

Mwenye alisema wazi ni Mariette. Malaria ilimushika kwa nguvu, tukamulaza ku chumba cha mezani karibu na moto, na kila akifungua macho anajiona ukutani. Akaniita. “Séphora, mumenitundika pamoja na bale benye balikufa. Mimi ningali. Niondoe pale.”

Nilingojea Baba aende ku soko. Nikashusha picha, nikailaza juu ya meza. Mariette akaamuka na blanketi yake, akashika beseni. Nikamuambia arudi alale, akakataa. “Anza na macho,” akasema. Nikaanza na macho. Kwa juu rangi ilikuwa imefanya ngozi, mais kwa chini ilikuwa ingali laini, na kijiko kiliingia. Ilitoka vipande vipande, kinywa, mwanya, shavu, tukatupa ndani ya beseni. Nikapangusa na petroli. Ikabaki doa moja kubwa ya rangi ya udongo.

Baba akarudi, akaona, akakaa. Akasema: “Nilimuzika mara moja. Wewe umenizikisha mara ya pili.” Mariette akajaribu kumueleza. Baba akajibu kama malaria inaletwa na mbu, hapana na picha, na hapo alikuwa na haki. Tangu siku ile hakuongea na mimi tena. Kama anataka maji ya kuoga, anamuambia Mariette aniambie, na mimi niko pale mbele yake nasikia. Ilinikata roho, juu unamujua Baba, hata hasira yake iko na heshima.

Nikabaki na kitambaa changu chenye doa. Nikakaa mbele yake, sawa ninavyokaa. Sikutaka kufanya Mama, na hili ulisikie vizuri, juu kila mara nilipomufikiria Mama, mukono ulianza kudanganya, ulitaka kuchora kilemba. Donc nilifuata doa tu. Ilikuwa nzito upande wa chini, nikaiacha ivute chini. Nikaleta rangi ya moshi kwa kiganja, si kwa brosi, nikaisukuma mupaka ikajikunja yenyewe pale juu. Manjano ilitokea upande wa kushoto, sikuipenda, nikaikwangua. Kesho yake nikaona imeacha mwanga kidogo chini ya moshi, na huo mwanga nikauacha. Mafuta ya lin yenye nachanganyia rangi ilikwisha, nikaongeza petroli, na rangi ikapoteza mungaro wake, ikakuwa kavu kavu sawa ukuta wa jiko. Ilikuwa vizuri hivyo.

Pahali pamoja palinitesa. Upande wa kuume, karibu na mwisho wa kitambaa, kulikuwa nyekundu ya kelele. Kila siku naituliza, na kila nikiituliza, picha yote inalala. Naiamusha, inanikera. Mwishoni nilichoka, nikaiacha na kelele yake, nikaenda kulala na hasira. Asubui Mariette alipita na maji, akaangalia, akasema: “Pale njo anatuita tuje kula.” Mimi sijui. Mariette anasema mengi. Mais nilipokaa tena, hakuna pahali palinisumbua, na sikuigusa tena.

Ile njo Pasta anakuletea. Imekauka haraka juu ya ile petroli, nimeikunja rangi ikiwa upande wa inje ili isipasuke, nikaiingiza ndani ya tiyo, bomba la maji. Pasta analalamika kama basoda ba Kasindi batadhani ni silaha. Nimemuambia aifungue na abaoneshe, bacheke kidogo, itapita.

Utaifungua na hutaona uso. Utakasirika, na utakuwa na haki, juu hukuomba hii. Ningeweza kukutumia ule wa Mariette, na hungejua kamwe. Ungeutundika ku nyumba yako, Phinées angeambiwa huyu njo koko wako, mama ya baba yako, na kile kidogo cha Mama chenye kingali ndani yako kingezimika bila kelele, sawa vile changu kilianza kuzimika. Sikutaka kiwe mukono wangu njo unakizima.

Nakuomba kitu kimoja. Mbele ya kuifungua, kaa kwanza. Angalia uko na nini. Kama ni kisigino chake, ni kisigino. Kama ni harufu ya moshi ku kitenge, sawa. Hapana kumuuliza mutu, hata mimi. Kishike kwanza kile, kisha fungua.

Kama unaona mafuta ya lin kule Kinshasa, usiitume, barabara itaikunywa yote. Uje nayo mwenyewe, siku banatufungulia njia.

Mama mudogo Mariette anakusalimu. Amepona, amenenepa, na anasema hakuna mutu atamuchora tena mupaka azikwe. Munisalimie Rébecca sana, na Phinées umushike kichwa kwa niaba yangu.

Baba vilevile anakusalimu. Jana nilipokuwa nakunja kitambaa alikuja akasimama karibu nami. Akaniuliza naandikia nani, na alijua. Ilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ile siku ya beseni. Nikamuambia chenye uliandika, na kama mimi vilevile uso umenipotea. Aliangalia picha kwa muda murefu, kisha akaniomba nikuandikie hivi: ule uso, yeye njo alikuwa wa kwanza kuupoteza, pale pale ku matanga, batu bangali banaimba. Njo maana alipoona ule wa Mariette alisema ni yeye, juu alishukuru kama mutu amemurudishia uso, wowote. Hakumuambia mutu. Alidhani ni dhambi yake peke yake.

“Muandikie Salomon,” akasema, “kama ni kuona haya, tuko batatu.”

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, atuletee siku ya kukaa meza moja.

Ni mimi mudogo wako, mwenye anakupenda na anakungojea,

Séphora