Kaburi Nililolifuta Bado Limo Kwenye Faili

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani kwako. Hujambo, na lile goti ulilotuambia linakusumbua linaendeleaje? Namwomba Mungu akupe nafuu, nawe unisaidie, maana hili nimelibeba miaka kumi na mmoja na hata mume wangu hajui.

Mimi ni karani wa makaburi ya mji. Kila anayezikwa naandika jina, tarehe na namba ya kaburi kwenye kompyuta kuukuu, na makaburi yetu mengi hayana alama ila kijiti cha namba, kikioza basi anayejua ni kompyuta tu. Siku moja nilitaka kufuta jina nililoliandika mara mbili, kidole kikateleza nikafuta la mstari wa chini yake, la mama mzazi wa mshonaji mmoja, na sikujua mpaka mshonaji alipokuja kuuliza kijiti kimekwenda wapi, nikatafuta sikuona, na namba zilizorukwa zilikuwa nyingi, nikakumbuka siku ile ya kufuta, nikamjibu, "Dada, hapa hayupo, labda alizikwa kwingine."

Mchimba kaburi wetu akaja juu. "Nimemchimbia mwenyewe! Upande wa uzio, ila kati ya yale yote siwezi kuapa ni lipi."

Bosi akamcheka. "Mzee, tukuamini wewe au mashine?"

Tangu hapo wanamwita Mzee Kubahatisha, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe.

Sasa kompyuta ile inakata roho, na fundi ameniwekea programu ndogo isiyo na picha wala vitufe, ni dirisha jeusi tu, unaandika amri kwa herufi, nayo inafungua faili za zamani uzisome kisha inazigeuza ziwe jedwali linalofunguka kwenye mashine mpya. Juzi nikaiamuru inionyeshe yote, nikaona mistari yenye nyota mbele yake, nikamuuliza fundi, akasema, "Mama, programu ile ya zamani ukifuta haifuti, inatia alama na kuuficha mstari." Shangazi, wa tatu alikuwa yeye, mama wa mshonaji, na namba yake 418. Nililia pale pale juu ya kibodi.

Bosi anataka tugeuze mistari safi tu, yenye nyota tuiache, na Ijumaa mashine inakwenda jalalani. Mshonaji bado anakuja kila mwezi, anasimama pale kwenye uzio na kuyaombea makaburi yote kwa sababu hajui la mama yake ni lipi. Nimeazimia kusema, lakini naogopa kufukuzwa, naogopa macho ya yule mzee, na sijui nianzie wapi. Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa.

Ni mimi, Karani wa Makaburi

Mdogo wangu,

Goti linanung'unika kwenye ngazi tu, ahsante. Mgonjwa leo ni wewe.

Kufuta mstari usio wake ni kosa la kidole, hilo nakuachia. Kumwambia mtu mama yake hayupo hali unajua yupo, hilo si la kidole. Na kumcheka mzee aliyesema kweli! Hapo nimekukasirikia hasa. Usikimbilie kumwomba Mungu msamaha ukamruka mchimba kaburi, yuko hapo nje na koleo lake.

Leo hii rudi kwenye dirisha lako jeusi. Geuza faili nzima, na nyota zake zote, kisha usome mstari mmoja mmoja, maana hao wengine walifutwa na nani? Nakala moja iwe kwenye mashine mpya, nyingine ichapishwe karatasini. Bosi akiuliza, mwambie hutupi watu jalalani. Halafu mkabidhi barua ya kukiri, iandike kwa mkono wako. Kazi unaweza kuipoteza, sikudanganyi, ila huwezi kuendelea kuilinda kwa jina la yule mzee.

Kwa mzee nenda mbele ya wale wale waliocheka. Mpe namba, apime kutoka vijiti vya 417 na 419.

Mshonaji usimpigie simu. Nenda kazini kwake, ngoja amalize mshono alioushika, umwambie. Akikufokea, nyamaza. Akilia, kaa. Kisha mwende watatu, mzee apigilie kijiti kipya.

Niandikie upesi. Nataka kujua alisema nini aliposimama mbele ya kaburi moja.